Mguu wa Hajati na Neno la Kwenye Kapu

Nyinyi mnaozunguka soko la Kikuubo na makapu ya rangi za kucha, na nyinyi mnaovaa sare mpya na kuingia chumba cha vidonda mmeziba pua, sogeeni hapa. Nazungumza nanyi kwa pamoja, na nimefanya makusudi. Najua hamsalimiani. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi sikuwasalimia wenye makapu, na dharau hiyo nusura impotezee wifi yangu mguu.

Kwa msionijua, naitwa Rukia. Nilikuwa nesi wa vidonda katika zahanati moja ya Namuwongo, kule bondeni karibu na reli, mpaka nilipostaafu juzi juzi. Wagonjwa waliniita Musawo Rukia, na musawo hapa Kampala ni kila mtu wa tiba, awe daktari bingwa au mgawa panadoli. Nyuma ya mgongo wangu waliniita Rukia Pilipili. Nilikuwa nasikia. Ukishinda na vidonda vya watu kutwa nzima na ukabaki mpole, basi kuna kitu hukioni.

Somo la kwanza nililipata kwa aibu. Nilikuwa mgeni kazini, na mkuu wangu alikuwa Sista Perepetua, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akaja mlinzi mmoja wa reli na kidonda cha muundi. Nikakisafisha haraka haraka, kisha nikakipaka ile dawa ya zambarau tuliyoipenda sote siku zile. Kikapendeza kweli. Kesho yake Sista akaniita mbele ya watu: "Rukia, niambie kidonda kimefika wapi." Nikatazama. Mguu mzima ulikuwa zambarau. Sikuweza kusema palipo hai wala palipokufa.

"Umekivalisha nguo," akasema. "Sasa kivue."

Nilikiosha kwa maji ya chumvi karibu nusu saa, mlinzi analalamika, mimi machozi yananilengalenga. Tangu siku hiyo alinikataza kupaka rangi juu ya kitu ninachotakiwa kukitazama. Akanifundisha utaratibu wake: pua kwanza, kisha mkono, kisha macho, na mkasi mwisho kabisa. Kidonda kinachooza hunuka kabla hakijaonekana, na mguu unaowaka huonekana wa kawaida mpaka uuguse kwa mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono, nasema. Kiganja kimezoea vikombe vya chai, hakijui joto.

Baadaye mambo yakabadilika. Tulipaka asali, tukapaka sukari, tukatumia dawa moja iliyonuka kuliko vidonda vyenyewe, kisha wakubwa wakasema maji ya chumvi yanatosha. Siku hizi naona kijana anapiga kidonda picha kabla hajasema hata pole. Picha si mbaya, inafika mbali. Ila simu haina pua, na mtu ameketi pale mbele yako.

Sasa nije kwa Hajati Aziza.

Hajati ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsomesha, na siku alipotaka kunioa ndiye aliyesema ndiyo. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa wale askari waliotoka Sudani, na kwetu wifi wa namna hiyo ni mama mkwe kamili, tena mwenye duka. Ana duka la mabeseni na ndoo Kikuubo, kwenye kichochoro ambacho ukisimama vibaya mpagazi anakupanda na katoni lake. Mwanamke mnene, mwenye sauti, mwenye sukari. Sukari ilikuwa imeshamtia ganzi nyayo zote mbili. Angeweza kukanyaga msumari na kuendelea na mazungumzo.

Kwa hiyo kila Jumatatu alikuja zahanati, nikamtazama miguu, nikaandika kwenye kadi yake. Miaka minne hivyo, kila Jumatatu, safi, safi, safi.

Jumatatu ninayoisema mimi, harusi ya bintiye Swafia ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Hajati akaingia akanyoosha miguu kwenye kibao, na miguu ilikuwa imepakwa hina usiku uliotangulia. Ile nyeusi ya harusi, iliyokolezwa mpaka ikang'aa: nyayo nyeusi, ncha za vidole nyeusi, maua mpaka kwenye kifundo. Mwanamke wa kwetu akikunyooshea mguu wa namna hiyo, wewe unasifu. Ndivyo tulivyolelewa.

"Mashallah, Hajati," nikasema. "Bibi harusi ni nani hapa?"

Akacheka. "Usinifutie hina yangu na maji yako ya hospitali, wifi. Imekaa usiku mzima."

Basi sikuifuta. Sikuinua unyayo, sikutenganisha vidole, sikuweka hata mgongo wa mkono. Nilimgusa juu ya mguu palipokuwa na maua, nikaona mshipa unapiga, nikafurahi naye, nikaandika safi. Mimi, niliyeoshwa uzembe wa rangi na Sista Perepetua kwa nusu saa nzima! Nikikumbuka nakasirika hadi leo.

Jumatano asubuhi mwanamume mmoja akasimama mlangoni kwangu na kapu. Mtu mzima, wa umri wa arubaini hivi, shati limepigwa pasi. Kapuni mlikuwa na chupa za rangi, mawe ya kusugulia, nyembe, kioo, na ubavuni alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu ya kucha, herufi kubwa, PEDICURE.

"Mama, jambo. Niko natafuta Musawo Rukia."

"Wa nini?"

"Mimi naitwa Mugisho. Natengenezaka kucha kule Kikuubo. Kuna Hajati moja ya mabeseni. Mguu yake haiko muzuri."

Damu ikanipanda. Mwezi ule nilikuwa nimepokea watu wawili waliokatwa na wembe wa wenye makapu, wote wa sukari, na mmoja alikuwa amepoteza kidole.

"Umemkata!"

"Hapana, mama. Sijamukata. Nimekataa hata kumugusa na wembe. Amenifukuza."

"Na mimi nakufukuza. Ngoja nje."

Nikarudi kwa foleni yangu. Nilikuwa na watu sita, nikawahudumia wote sita bila haraka, na kila nilipochungulia dirishani alikuwa amesimama pale pale, kapu miguuni. Karibu saa nzima. Saa ile ilikuwa ya Hajati, nami niliitumia kumkomoa mtu ambaye hajanikosea.

Nilipotoka nikamwuliza kwa kiburi, "Umeona nini hasa?"

"Sijaona, mama. Ile hina ni nyeusi sana. Nimesikia harufu."

Pua kwanza. Nikachukua mkoba wa kazi, nikamwachia mwenzangu chumba, tukapanda boda moja, mimi katikati na yeye nyuma, chupa za rangi zikigongana mgongoni kwangu njia nzima. Nilikuwa nahesabu tangu Jumatatu ni saa ngapi.

Hajati alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katikati ya mabeseni, anabishana na mteja. Kumwona Mugisho nyuma yangu akatoa macho.

"Banange! Huyu Mukongo amekwenda kunisema kwako?"

"Nipe mguu, Hajati."

"Iko kazi hapa. Hii wiki iko harusi, wewe hujui?"

"Nipe mguu."

Nikapiga magoti sakafuni. Mugisho alipindua beseni akakaa, akauchukua mguu yeye akauweka juu ya paja lake, unyayo ukitazama mwanga. Jambo dogo hilo, lakini mimi katika miaka yote sikuwahi kulifanya. Siku zote nilitazama mguu kutoka juu.

Mgongo wa mkono wangu ulipofika chini ya kidole cha mwisho nikahisi joto la kutisha. Nikavitenganisha vidole viwili vya mwisho. Harufu ikatoka. Nikachukua shashi yenye maji ya chumvi, nikapangusa ule weusi kidogo tu. Hina huwa haitoki kwa maji, mnajua. Huu ulitoka, na ngozi ikatoka nao.

Hajati hakusikia kitu. Alikuwa anamwambia mteja kwamba rangi ya bluu imekwisha, zimebaki za kijani.

Nikampima sukari kwenye kidole cha mkono. Mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba imepita uwezo wake. Nikamwambia twende hospitali kubwa sasa hivi. Akanitazama nikajua ameelewa, na ameshakataa.

"Siendi. Watanikata. Mama yetu walimukata, tukamupokea kwa sanduku. Wewe hukuwako, mimi niliona."

"Hajati, tukichelewa ndipo watakata."

"Jumamosi namutoa mutoto wangu. Jumapili nakuja mwenyewe, na miguu yangu."

Mtu aliyemlea mume wangu nitamburuta vipi? Niliwaza hivyo, na ni wazo la kijinga, msiniige. Nikachomoa kalamu ya wino. Nikatafuta kwa mgongo wa mkono mahali joto linapoishia, nikachora mstari kuuzunguka mguu, chini kidogo ya kifundo. Wanafunzi, kwenye vitabu wanasema mchore wekundu unapoishia. Kwenye ngozi yetu wekundu mtausubiri mpaka mchoke. Tafuteni joto, tafuteni ngozi iliyovutika ikang'aa, mchore hapo, na mwandike saa pembeni. Nikaandika saa.

"Hii ikivuka mstari, tunaondoka," nikasema.

"Na isipovuka, unaniacha."

Nikampigia simu daktari ninayemfahamu, akasema mlete. Nikasema atakuja. Akasema, Rukia, mlete sasa. Nikakata.

Tukakaa. Mimi kwenye katoni, Mugisho kwenye beseni na mguu bado pajani, Hajati kwenye kigoda anapepea kanga. Wapagazi wanapita wanapiga kelele, wenye maduka wa jirani wameanza kusogea. Jua la saa nne. Nilitazama mstari, nikatazama saa, nikatazama mstari.

"Wewe," Hajati akamwambia Mugisho, kwa hasira ya kutafuta pa kuitua. "Mupaka kucha. Nani alikufundisha udaktari?"

"Hakuna, mama. Mimi nilisoma seminari, kule Bukavu. Nilitaka kuwa padri, vita ikakuja. Pale walitufundisha Latini." Akaligusa lile neno kapuni. "Hii kazi jina yake inatoka kule. Ped ni mguu. Ile ingine ni verbe, neno ya kutenda, curare."

"Maana yake kukata kucha?"

"Hapana. Maana yake ya kwanza ni kuhangaika na kitu. Kushugulika nacho, kukichunga, hata usiku unakiwaza. Kuponya ilikuja nyuma. Mutu anahangaika na mugonjwa siku mingi, watu wanaona, wanasema, ah, huyu anatibu. Neno ile ile moja." Alisema taratibu, kidole gumba chake kikipita ukingoni mwa mstari wangu, kikipima. "Kwetu padri wa parokia wanamwitaka curé, sababu anahangaika na roho ya watu. Hata hii," akainua kijiti cha chuma cha kutolea uchafu kwenye kucha, "Wafaransa wanaita cure-ongle. Inatoka pale pale."

Sikuwa na subira ya somo. Lakini Hajati alikuwa ametulia, na mtu wa sukari akitulia ni faida, kwa hiyo nikamwacha aendelee. Akaonyesha kwa kidevu mlinzi aliyeegemea mlango wa ghala, mgongoni kwake pameandikwa SECURITY.

"Na ile pia. Se ni bila. Bila mahangaiko. Mutu ambaye hana wasiwasi."

Maneno yale yakanichoma. Jumatatu mimi nilikuwa huyo. Nilikuwa mwanamke asiye na wasiwasi, na kalamu mkononi.

Hapo mwenye duka la pili, mama mmoja muuza nailoni, akapaza sauti: "Si huyu ndiye alimukata? Hawa watu wa makapu wanakatakata watu!" Mwingine akasema yeye aliwahi kukatwa. Wapagazi wawili wakatua mizigo yao. Mmoja akalishika lile kapu, akalivuta, chupa mbili zikaanguka zikapasuka. Mugisho hakuinuka. Angeinuka, mguu wa Hajati ungeanguka. Alibaki ameukumbatia, uso umemkauka, akisema pole pole, "Sijamukata. Sijamukata."

Na Hajati, badala ya kumtetea, akafungua mkoba akatoa ile kadi yake ya zahanati. Akaiinua juu kila mtu aione.

"Jumatatu musawo mwenyewe aliandika hapa. Safi! Leo ni Jumatano. Kama Jumatatu iko safi, leo inaoza, nani alifanya? Na kama musawo anasema safi, mimi naendea nini hospitali? Someni!"

Nilifahamu papo hapo kilichokuwa kinatokea. Neno langu moja lilikuwa linamzuia yeye kwenda, na wakati huo huo linamtafutia Mugisho kipigo. Na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ningeweza kunyamaza. Nawaambieni ukweli, nilinyamaza, labda kwa pumzi tatu. Nilifikiria miaka yangu ya kazi, nikafikiria watu wa Namuwongo watasema nini, nikafikiria Hajati ambaye hajawahi kunisamehe hata wali ulioungua. Na kapu lilikuwa tayari limeinuliwa juu.

Nikasimama kwenye katoni.

"Jumatatu sikutazama!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Hajati, sikutazama. Nilisifu hina. Sikuinua unyayo, sikufungua vidole. Niliandika safi kwa sababu ulipendeza. Kidonda kilikuwa hapo hapo, chini ya hina, nami nilikuwa nacheka nawe. Huyu hakukukata. Huyu ndiye wa kwanza kukuangalia."

Mpagazi akaliweka kapu chini. Hajati akaishusha ile kadi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Kwa hivyo hii kadi ni ya uwongo."

"Hiyo ya Jumatatu, ndiyo."

Mugisho akainama polepole, akatoa kioo kapuni. Akakishika chini ya unyayo wa Hajati, akakigeuza mpaka mwanga ukaingia kati ya vile vidole viwili. "Angalia wewe mwenyewe, mama. Usiamini mimi, usiamini yeye."

Hajati akainama, na mnene yule kuinama ni kazi. Akatazama. Mwenye sukari hauoni unyayo wake mwaka mzima. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anauona. Nami nikaweka mgongo wa mkono juu ya mstari. Juu ya mstari. Joto lilikuwa limeshauvuka kwa upana wa kidole, na hata saa moja haikuwa imepita tangu niuchore.

"Imevuka," nikasema.

Hakubisha tena. Alifungua kibweta cha funguo, akamtupia mama wa nailoni funguo za duka, akasema, "Kale, haya. Twende."

Gari haliingii mle ndani, na kumtembeza lingekuwa kosa jingine. Yule mpagazi aliyevunja chupa ndiye aliyeleta toroli lake la magunia, akatandika boksi, tukampakia Hajati kama alivyo na kanga zake. Akashika mpini akawa anapiga kelele mbele, "Pisheni mugonjwa! Pisheni!" na Hajati akimwambia kwa upole, "Mama, kaa nzuri, usiogope, mimi napereka pore pore." Mugisho alitembea pembeni akiwa ameushika mguu usigonge kitu. Mimi nilikuwa nyuma na kadi mkononi, nalia waziwazi.

Walimwingiza chumba cha upasuaji siku ile ile. Daktari alitoka akaniambia wameondoa vidole viwili na nyama ya pembeni, mguu umebaki. Kisha akaniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba kama Hajati angekuja Jumapili wangekata juu ya goti, na pengine wasingekuwa na mtu wa kumkata. Nikasema asante daktari. Nikaenda nikakaa chooni kwa muda.

Harusi haikuahirishwa. Hajati aliiamuru kwa simu kutoka kitandani, kila chungu, kila kanga. Jumamosi Swafia alipotoka ndani, mtu alishika simu hewani, na vigelegele vikajaa wodi nzima. Hajati akavijibu akiwa amelala, mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha akashindwa.

Mimi alininunia miezi miwili. Haki yake. Kisha Jumatatu moja akaja zahanati, akanyoosha mguu wenye vidole vitatu, akasema, "Tazama." Hakusema lingine. Nikapiga magoti, nikauweka pajani.

Ndipo nilipomwita Mugisho aje na wenzake wenye makapu. Nyinyi wakubwa mnakumbuka, tulikaa kwenye veranda ya zahanati, saba tu mwanzoni. Niliwafundisha kumwuliza mtu kama ana sukari kabla ya kushika kifaa, kuweka wembe kando akisema ndiyo, kunusa, kuonyesha unyayo kwa kioo, na kumtuma mtu kwetu bila woga wa kufukuzwa. Nao wakanifundisha kukaa chini. Mugisho aliniambia, "Mama, nyinyi munaangaliaka mguu. Sisi tunaubebaka." Manesi waliocheka siku ile niliwatoa nje.

Lile neno nalo halikuniacha. Nikanunua kamusi kuukuu ya Kiingereza, nikawa naisoma jioni na miwani miwili. Ukoo mkubwa, wanangu! Mtunza vitu vya makumbusho ni wa ukoo huo, curator. Ile ofisi ya manunuzi niliyokuwa nasumbuana nayo kwa ajili ya shashi, procurement, nayo imo, asili yake ni kumshughulikia mtu mwingine jambo lake, ingawa kwa shashi zangu sikuona dalili. Kitu kikifanywa kwa uangalifu mpaka hakina kosa, accurate, humo humo. Waitalia wamelibakiza karibu lilivyo kwa kutunza na kutibu, na Wahispania hulitumia hata kwa nyama waliyoitia chumvi isioze. Ila care ya Kiingereza, ambayo ningeapa ni ndugu yao, haimo kabisa, imetoka ukoo mwingine. Nilikasirika, nikaenda kumwuliza Mugisho. Akasema, "Ndiyo, mama. Zinafanana tu." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema sikumwuliza.

Lakini sikuwaita hapa kwa ajili ya kamusi. Sitaki hata mmoja wenu aondoke anajua neno na hajui mguu.

Mwaka jana sukari ilinifikia na mimi. Ndiyo, Rukia Pilipili ana sukari, chekeni. Nyayo zimeanza ganzi. Kwa hiyo kila Jumatano naenda Kikuubo, nakaa kwenye kigoda cha pili dukani kwa Hajati, na Mugisho anapindua beseni.

Wiki iliyopita aliuchukua mguu wangu wa kushoto akaugeuza kwenye mwanga, akanyamaza. Mnajua mtu wa kazi akinyamaza. Akafungua kidole, akafungua kingine. Akanusa. Akarudi kwenye kile cha kwanza. Miaka yote niliyowaambia watu watulie, na mimi sikuweza kutulia.

"Kuna nini?"

Akainama akanusa tena.

"Wewe Mukongo, ongea," Hajati akafoka kutoka kwenye mabeseni yake. Alikuwa ameacha wateja, amesimama na ule mguu wake wa vidole vitatu, jasho limemtoka. "Na usiniambie safi."

Mugisho akapitisha mgongo wa mkono chini ya unyayo wangu, taratibu, mara mbili.

"Sioni kitu," akasema.

Nikashusha pumzi, nikavuta mguu niuvike kiatu. Hakuuachia.

"Nimesema sioni kitu, mama. Sijasema nimemaliza."